Kampuni ya familia ya kujenga na kuuza nyumba Dar: tufanyeje ili idumu?

BintiWaTegeta:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Mimi na kaka zangu wawili tuna kampuni ndogo ya kujenga na kuuza nyumba. Baba ndiye aliyeianzisha. Enzi hizo alikuwa ananunua mashamba Tegeta na Boko, anapima, anauza viwanja, halafu akaanza kujenga nyumba mojamoja na kuziuza. Sasa amepumzika, katuachia sisi. Tuna kiwanja Mbezi Beach chenye hati, tuna nyumba ya kupangisha Sinza, na kuna familia moja Upanga inataka tuingie ubia: wao watoe kiwanja chenye nyumba ya zamani, sisi tujenge ghorofa nane za apatimenti, kisha tugawane.

Tatizo letu ni hili. Tukiuza nyumba fedha zinaingia kwa mkupuo. Tunalipa madeni, tunanunua kiwanja kingine, na baada ya muda mfupi ofisi inahangaika hata na mshahara wa mlinzi. Kipato cha kila mwezi ni kodi ya Sinza tu. Kaka mkubwa anasema tukope benki tujenge Mbezi na Upanga kwa pamoja, maana bei ya saruji na nondo haitusubiri. Wa pili anasema tuuze apatimenti za Upanga kwenye ramani, wateja watangulize fedha, na hizo hizo zianzishe Mbezi. Mimi naona njia zote mbili zinaweza kutuzamisha, lakini kwenye kikao nashindwa kuwaeleza kwa hesabu wakanielewa.

Nimesoma makala za nje kuhusu uendelevu wa kampuni za majengo. Ni nzuri, lakini zimeandikwa kwa miji ambayo mnunuzi anakwenda benki asubuhi na kupewa mkopo wa miaka 30. Mteja wangu mimi ananiuliza kama hati ipo, kama maji yanatoka, na kama mvua ikinyesha gari litafika mlangoni.

Kwa mlio ndani ya biashara hii: kampuni kama yetu ifanye nini ili watoto wetu waikute bado imesimama? Nitashukuru kwa majibu ya watu waliofanya, hata kama ni makali.

Mpimaji_Boko:

Dada, fuateni alichofanya baba yenu. Ardhi ya Dar haijawahi kumwangusha mtu. Tazama Kigamboni kabla na baada ya daraja kufunguliwa mwaka 2016, tazama Goba, tazama Madale. Nunueni mashamba makubwa Mapinga au Kisarawe, pimeni, wekeni barabara, uzeni taratibu. Ghorofa ni kichwa kuuma: vibali, mkandarasi, majirani, NEMC (wale wa mazingira), zimamoto. Kiwanja hakivuji.

Ila kiwanja kisichoangaliwa kinavamiwa. Wekeni mawe ya mipaka, pandeni michongoma, na mtu wa kukaa pale mumlipe. Kodi ya pango la ardhi msiiache ilale.

MamaMajengo:

Marahaba binti yangu. Mpimaji amesema kweli kwa upande wake, lakini kuuza viwanja hakutatibu ugonjwa ulioutaja. Ni fedha za mkupuo vilevile.

Mimi ni mkadiriaji majengo kitaaluma, na sasa kazi yangu ni kusimamia maghorofa baada ya mkandarasi kufungasha vifaa vyake na kuondoka. Upanga, Kisutu, Mikocheni. Nilichokiona huko ni kwamba kampuni za ukubwa wenu mara nyingi haziuawi na mradi mpya. Zinauawa na jengo walilokwisha kuliuza.

Kuna jengo moja Upanga, sitalitaja. Aliyelijenga aliuza apatimenti zote, akagawa funguo na mikataba ya mauziano, akahamia mradi mwingine. Hati pacha, yaani hati ya kila apatimenti peke yake, hakuzishughulikia, chama cha wamiliki hakikuundwa. Masika yalipokuja maji ya barabarani yakaingia kwenye shimo la lifti, kwa sababu mlango wa maegesho uko chini ya usawa wa barabara na mtaro wa mbele ulikuwa umeziba. Lifti ikafa. Nilipoitwa nikawakuta wenye nyumba wamesimama kwenye maegesho, viatu mkononi, wanabishana. Wa ghorofa ya kwanza anasema yeye hapandi lifti, achangie kwa lipi? Mwingine yuko Muscat, simu hapokei. Wa ghorofa ya saba ana mama yake mgonjwa wa miguu, hajashuka tangu maji yaingie. Nikaomba michoro ya mabomba na umeme, hakuna aliyekuwa nayo, ikabidi fundi agonge ukuta akitafuta valvu kwa kusikiliza sauti ya tindo. Yule mama tulimshusha kwa kiti cha plastiki, vijana wanne, ngazi kwa ngazi, ili awahi kliniki.

Watu wale wote wana ndugu, wana wafanyakazi wenzao, wako kwenye makundi ya msikiti, ya jumuiya, ya vikoba. Jengo la pili la bwana yule lilipoingia sokoni, wateja walikuja, wakaangalia vigae, wakasifia jiko, halafu wakaenda kuuliza Upanga. Apatimenti zikakaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa huu, lakini wanaoweza kununua apatimenti Upanga kwa fedha taslimu ni wachache na wanajuana.

Kwa hiyo mkakati wangu kwenu unaanzia hapo. Jengo la Upanga lisiwe bidhaa ya kuuza na kusahau. Liwe chanzo cha mapato ya kila mwezi na ndiyo tangazo lenu.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, hii inayozaa hati pacha, inampa kila mnunuzi hati ya sehemu yake pamoja na mgao wake katika maeneo ya pamoja: ngazi, paa, lifti, ua. Wamiliki wanakuwa na chama chao chenye kanuni. Andaeni hayo tangu michoro iko mezani, si baada ya watu kuhamia. Mnunuzi akisaini mkataba awe anajua ada ya huduma ni kiasi gani na inalipia nini, pamoja na wa ghorofa ya kwanza. Kisha kampuni yenu isaini mkataba na chama wa kusimamia jengo. Hapo umepata mshahara wa mlinzi.

Nikupe mfano wa hesabu upeleke kikaoni. Tuseme apatimenti 16, kila moja ichangie shilingi 80,000 kwa mwezi. Ni 1,280,000. Tengeni asilimia 20 isiguswe, yaani 256,000, kwenye akaunti ya matengenezo makubwa. Kwa mwaka ni 3,072,000, na kwa miaka mitano ni zaidi ya milioni 15. Pampu ikiungua, paa likianza kuvuja, hamtembezi bakuli. Inayobaki inalipa ulinzi, usafi, umeme wa ngazi, kunyonya majitaka, matunzo ya lifti, na ada yenu ya usimamizi. Kama 80,000 haitoshi, na kwa jengo lenye jenereta kubwa inawezekana haitoshi, iseme mapema. Mnunuzi anavumilia ada kubwa aliyoambiwa kuliko ndogo inayopandishwa kila mwaka.

Pili, msiuze sehemu yenu yote. Baada ya kugawana na wenye kiwanja, uzeni zinazotosha kulipa gharama na deni, zinazobaki pangisheni. Najua kodi inaonekana ndogo ukilinganisha na bei ya kuuza, na mpangaji akiwa kampuni atakata ile kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA kabla ya kukulipa. Lakini ndiyo inayokuwezesha kukaa miezi bila kuuza na usilazimike kutupa bei. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, waliokuwa wameegemea ofisi za wizara kama mpangaji wao mmoja mkubwa walionja joto ya jiwe. Changanyeni: vyumba viwili vya familia, vidogo vya vijana wa kazi, duka la dawa chini.

Na bei zenu ziwe za shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Na hata isingekuwa kanuni, mpangaji anayelipwa mshahara wa shilingi hawezi kubeba dola inapopanda. Mikopo yenu nayo iwe ya shilingi.

Kuhusu ubia wenyewe: kabla hamjabomoa hata tofali moja, jueni mnasaini na nani. Nyumba za zamani za Upanga na Kariakoo nyingi ni za mirathi. Kama mzee alishafariki, msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama, na warithi wote wawe wameridhia kwa maandishi, si yule mmoja mchangamfu anayewapokea kwa chai. Tazameni na muda wa hati. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Ikiwa imebaki miaka michache, hati pacha zitarithi ufupi huo huo, na benki ya mnunuzi wako itaona kabla yako.

Uendelevu wa kijani nao nauamini kwa moyo wote, ila uanze na vitu ambavyo mteja wako anavihisi mwilini. Jengo likilazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yakaangalia kaskazini na kusini, jua la jioni halipigi vyumbani, na pepo za kaskazi na kusi zinapita. Bili ya kiyoyozi inashuka bila kifaa chochote. Wasanifu wengi watakuchorea vioo virefu magharibi kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Kataa. Weka tangi la chini la kutosha siku kadhaa za mgao wa DAWASA, kinga maji ya paa kwa vyoo na bustani. Inua mlango wa maegesho.

FundiMkuu_Msasani:

Mama amemaliza upande wa fedha. Mimi ni msimamizi wa saiti, niongeze ya zege, kwa sababu jengo bovu hakuna ada ya huduma itakayoliokoa.

Mbezi Beach mko jirani na bahari. Chumvi ya hewani inakula nondo. Zege la kufunika nondo liwe nene kuliko la Ubungo au Kimara, mhandisi wenu awape kipimo, na mtu asimame aone vile vitofali vidogo vya zege vya kuinulia nondo vimewekwa kabla ya kumwaga. Nimeona nondo zimelala kabisa kwenye mbao za fomu. Zege likikauka linapendeza, na baada ya miaka michache dari inaanza kudondoka vipande vyenye kutu. Mchanga wa ufukweni msiuguse hata ukiletwa usiku kwa nusu bei.

Paa la zege mlijaribu hivi: zibeni mifereji yote, jazeni maji kina cha vidole vinne, acheni siku mbili, halafu ingieni chini yake na tochi. Kama pana unyevu mnarekebisha mkandarasi akiwa bado anawadai. Fedha yake ya dhamana, ile mnayoizuia kwenye malipo yake, msiilipe mpaka kipindi cha matazamio, cha kurekebisha kasoro, kiishe na masika yapite juu ya jengo.

Mkandarasi awe amesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, kwa daraja linaloruhusu kazi ya thamani hiyo. Ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 na lile la Kariakoo Novemba 2024, watu walikufa. Sizungumzi kwa kutisha. Nina vijana ninaowapandisha juu kila asubuhi, na nikimsikia mwenye mradi anasema "tuongeze ghorofa moja tu, msingi utabeba," nashuka naondoka. Kwenye ubia maneno hayo huja katikati ya kazi, mtu akiona bei zimepanda. Andikeni kwenye mkataba kwamba idadi ya ghorofa haibadiliki bila mhandisi na kibali kipya.

Afisa_Mikopo:

Nipo upande wa benki, naongea kama mimi binafsi.

Kaka mkubwa ana hoja kuhusu bei za vifaa, ila aandike riba kwenye karatasi. Mkopo wa shilingi bilioni 1 kwa riba ya asilimia 16, mfano, unazaa milioni 160 kwa mwaka. Ni zaidi ya milioni 13 kila mwezi, na jengo halijaweka hata mlango. Kibali kikichelewa, au majirani wakipinga, riba haipumziki. Sasa zidisha kwa miradi miwili. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 5.75 Julai 2025, lakini msijenge hesabu zenu juu ya matumaini kwamba riba ya mkopo wenu itaifuata kwa kasi.

Ninachopenda kuona kwenye faili ni mradi mmoja unaokwenda kwa awamu, mwenye mradi ametanguliza fedha yake kwanza, na kodi ya nyumba iliyopo (kama Sinza yenu) inaweza kulipa riba hata mauzo yakisimama. Ombeni kipindi cha kulipa riba pekee wakati wa ujenzi, na mkopo utolewe kwa hatua kufuatana na cheti cha kazi iliyofanyika, si wote siku ya kwanza. Dhamana iwe kiwanja cha mradi. Nyumba ya baba na mama iacheni. Mkiiweka, mama atatakiwa kuridhia, na mnamweka mahali ambapo hapaswi kuwekwa.

Kuhusu kuuza kwenye ramani, si kosa, ila fedha za mteja wa Upanga zisigeuke nondo za Mbezi. Kila mradi na akaunti yake, malipo ya mteja yafuate hatua za ujenzi, na saini ziwe mbili, mmoja wenu na mmoja wa familia yenye kiwanja. Na ongeeni na benki mapema iwakague wanunuzi wenu kwa mikopo ya nyumba. TMRC, kampuni inayokopesha mabenki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ipo tangu 2010 kusaidia mabenki kupata fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo, ila bila hati pacha mnunuzi hana cha kuweka dhamana. Mtauza kwa wenye fedha mkononi peke yao.

BintiWaTegeta:

Asanteni sana jamani, nimechapisha majibu yote, Baba ameyasoma kwa miwani yake taratibu na kuniambia niwaite kaka zangu Jumamosi.

Maswali mawili kwa MamaMajengo. Kwanza, Mbezi tuiache kabisa wakati Upanga inajengwa? Upande wa nyuma kuna kijito, kinajaa mvua za vuli na masika. Pili, familia ya Upanga inataka mgao wa nusu kwa nusu. Ni haki?

MamaMajengo:

Mbezi ianzie na mpimaji, si mchoraji. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Pimeni kutoka kwenye kijito, mwone kiwanja kinachobaki ni kipi hasa. Kama sehemu kubwa imeingia humo, hapo si mahali pa apatimenti hata hati ikiwa safi. Hati haizuii mafuriko, na mteja wako mwenyewe umesema anauliza kuhusu mvua. Kaeni na majirani wa muda mrefu, waulizeni maji ya Desemba 2011 yalifika wapi ukutani. Wakati Upanga inajengwa, Mbezi inaweza kuingiza fedha bila deni: yadi ya kuuzia miche na maua, maegesho ya malori ya wazabuni wenu, chochote kinachoondoka ndani ya wiki moja. Mkiwa tayari, anzeni na nyumba chache upande wa juu.

Nusu kwa nusu haina haki wala dhuluma mpaka mthamini aliyesajiliwa aseme kiwanja kina thamani gani na mimi au mwenzangu aseme jengo litagharimu nini. Kiwanja kikiwa theluthi ya jumla, nusu ni nyingi. Nyinyi mnabeba riba, vibali na hatari ya mauzo, wao hawabebi. Wengine hukubaliana kwa ghorofa badala ya asilimia: wao wachukue za chini na duka, nyinyi za juu. Hiyo huepusha ugomvi wa bei baadaye, lakini andikeni ghorofa zipi kwa namba, na nani anawalipia wao pango wakati nyumba yao imebomolewa. Hilo la pango husahaulika, na kuna bibi humo ndani, lazima yupo, ambaye ameishi pale tangu ujana wake na hajui atalala wapi miaka miwili ijayo. Mtafutieni nyumba mtaa uleule, karibu na msikiti au kanisa lake na duka analokopa sukari, na gharama iingie kwenye bajeti ya mradi.

Kabla ya Jumamosi, nenda na nakala ya hati ya Upanga ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina lililoandikwa, muda uliobaki, na kama kuna benki au zuio la mahakama juu yake. Ukishapata majibu, nitumie ujumbe wa faragha nikupe rasimu ya kanuni za chama cha wamiliki tunayotumia Kisutu. Mwanasheria wenu aifanyie kazi, asiinakili tu, maana ile ina lifti mbili na nyinyi mtakuwa na moja.